Shosho alipewa chuma, hakupewa njia ya kurudi nyumbani

Kuna ile post imekuwa ikizunguka tangu niwe form two. Ati Margaret Mead, yule mwanaanthropolojia wa Marekani, aliulizwa dalili ya kwanza ya ustaarabu ni gani. Watu wakangoja aseme chungu, ama ndoano, ama jiwe la kusagia. Yeye akasema ni mfupa wa paja uliovunjika halafu ukapona. Mnyama akivunjika mguu porini amekwisha, lakini mtu wa kale mwenye paja lililounga ni ushahidi kwamba kuna mwenzake alibaki naye, akamletea maji na chakula mpaka akasimama.

Post tamu. Mimi mwenyewe nimei-share mara mbili. Shida ni kwamba hakuna mtu amewahi kuonyesha ni wapi Mead aliandika hayo maneno.

Nimeanza hapo kwa sababu naishi Gilgil. Si mbali na hapa, ukishika barabara ya Nakuru, kuna Kariandusi, ile sehemu Louis Leakey alipata mashoka ya mawe mwishoni mwa miaka ya 1920. Mawe yenyewe ni ya miaka laki kadhaa. Shule zote za hapa hupelekwa pale, mnaonyeshwa mawe, mnakula mkate na soda, mnarudi. Na nilipokuwa naangalia shosho yangu amelala kitandani mwaka jana, mfupa wa paja umevunjika, hiyo post ilinirudia nikaona aibu. Kwa sababu tulikaa naye. Tulimletea maji na chakula, kama tu post inavyosema. Na karibu tumuue.

Wacha nieleze.

Shosho ana miaka 78. Aliteleza asubuhi moja ya mvua akienda kumwaga maji nyuma ya nyumba. Hakuanguka kwa kishindo, aliketi tu vibaya, na akashindwa kuinuka. Mguu wa kulia ulikuwa umefupika na kidole gumba kimeangalia nje. Ukiwahi kuona mguu wa mzee umekaa hivyo, usiusugue na mafuta, tafuta gari. Hiyo ni nyonga.

Hospitali tuliyompeleka siitaji. Alingoja siku tisa kabla ya kuingia tieta, nusu kwa sababu ya foleni na nusu kwa sababu sisi tulikuwa bado tunachanga kwenye group ya familia. Upasuaji wenyewe ulienda poa, na daktari alikuwa mtu mpole. Walitoa kile kichwa cha mfupa wa paja kilichovunjika wakamwekea cha chuma. Siku ya tano, Ijumaa jioni, tukaambiwa anaweza kwenda. Tukapewa mfuko wa dawa na karatasi moja ya Kiingereza yenye mwandiko wa kukimbia, na mdomoni tukaambiwa, "Arudi kliniki baada ya wiki sita."

Tukamlaza kiti cha nyuma cha Probox, mathe akamshikilia miguu, tukaja nyumbani polepole. Majirani walikuwa wanatungoja. Kila mtu akasema jambo lilelile: mfupa usisumbuliwe. Mimi ndiye nilikuwa mkali kuliko wote. Shosho akijaribu kuinuka namwambia, "Shosho, tulia, utaharibu ile kazi ya daktari." Alitulia wiki tatu. Wiki ya tatu alikuwa na kidonda juu ya matako kinachoingia ndani kama tundu, anakohoa usiku kucha, na mara nyingine ananiita kwa jina la babu yangu aliyekufa kabla sijazaliwa.

Sasa hapo ndipo nilianza kusoma. Na kitu kilichoniuma ni kwamba haya yote si mapya. Yalijulikana zamani sana, kabla hata reli haijafika Gilgil.

Mwaka 1822 daktari wa London, Astley Cooper, alitoa kitabu kikubwa kuhusu mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka. Alikuwa ameona kwamba mzee akivunjika shingo ya mfupa wa paja, ndani ya kiungo chenyewe, mfupa hauungi. Damu inayolisha kile kichwa cha mfupa hukatika pale pale. Angeweza kumfunga mzee vijiti na kumlaza miezi. Badala yake alishauri mzee alazwe siku chache, kisha atolewe kitandani, akalishwe kwenye kiti kirefu, apewe magongo. Yaani mfupa uachwe ushindwe lakini mtu aishi, kwa sababu alishajua kwamba kinachoua wazee si mfupa, ni kitanda. Zaidi ya miaka 200 iliyopita! Na mimi na data yangu na simu yangu nilikuwa namwambia shosho atulie.

Karne iliyofuata ikawa ya chuma. Boston, mwaka 1925, Smith-Petersen alianza kushikilia shingo ya mfupa kwa msumari wenye mbawa tatu. Ujerumani, Küntscher akatengeneza msumari mrefu wa kupita katikati ya mfupa wa paja, na madaktari wa upande wa pili wa vita hawakuujua vizuri mpaka wafungwa wa kivita walipoachiliwa wakarudi kwao, wakapigwa picha, na chuma kikaonekana ndani ya miguu yao. Hapa Gilgil wakati huo palikuwa kambi kubwa ya wanajeshi, na makaburi ya vita ya wakati ule bado yapo mjini. Kisha Austin Moore wa South Carolina, pamoja na mwenzake Bohlman, akaweka kichwa cha mfupa cha chuma kwa mara ya kwanza mwaka 1940. Miaka ya 1950 kile kifaa chake kikaanza kutengenezwa kwa wingi. Kikaenea dunia nzima, na katika hospitali nyingi za nchi kama yetu bado kinatumika. Cha shosho ni ndugu wa hicho.

Angalia hapo kidogo. Kifaa kilibuniwa kwa watu wanaoketi kwenye choo cha kukaa na kula kwenye meza. Mtu aliyewekewa hicho chuma kwa kupasuliwa upande wa nyuma, wiki za kwanza asikunje nyonga kupita kiasi. Asichuchumae, asikae kiti cha chini, asipishanishe miguu, la sivyo kile kichwa kinaweza kuchomoka. Sisi nyumbani tuna choo cha shimo. Na shosho maisha yake yote hukaa jikoni kwenye kistuli cha miguu mitatu, magoti karibu na kidevu, akichambua mboga. Hakuna mtu alituuliza choo chetu kikoje. Swali la sekunde tano hilo. Kusema kweli, huenda kilichomwokoa kichwa cha chuma kisichomoke ni kwamba tulimlaza kabisa. Kosa moja likazuia lingine.

Lakini kuna mtu mmoja kwenye hii historia ningetaka mmjue, kwa sababu yeye alielewa kwamba chuma ni mwanzo tu. Anaitwa Lionel Cosin.

Ili umwelewe, jua Uingereza ya wakati ule ilivyowatendea wazee. Mzee maskini aliyeshindwa kutembea alipelekwa kwenye zile nyumba za maskini, wodi ndefu, vitanda pande mbili, akalazwa mpaka afe. Hakuna aliyemchunguza. Mwaka 1935 daktari mwanamke, Marjory Warren, alikabidhiwa wodi kama hizo katika hospitali ya West Middlesex, wagonjwa 714. Akafanya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya: akawapima mmoja mmoja. Akapaka kuta rangi, akapanga vitanda upya, akawaamsha watu. Wengi waliokuwa "hawatembei" walikuwa tu hawajawahi kuambiwa wajaribu. Wengine wakarudi kwao.

Cosin alikuwa daktari wa upasuaji pale Orsett, Essex, wakati wa vita. Naye akaletewa wodi za wazee wa namna ile. Wale waliovunjika nyonga akaanza kuwafanyia upasuaji, jambo ambalo wengi waliona ni kupoteza muda, kisha akawasimamisha mapema na kuwafundisha kutembea tena. Na akaanza kuwarudisha nyumbani watu walioletwa kufa. Baadaye alihamia Oxford, kwenye hospitali ya Cowley Road iliyokuwa zamani nyumba ya maskini, na mwaka 1958 akafungua pale hospitali ya mchana. Mzee analala kwake, asubuhi gari linamchukua, anafanyishwa mazoezi, anakula, anaonwa na daktari, jioni anarudishwa. Wazo ni rahisi hata linakasirisha: kutoka hospitalini si siku moja, ni safari. Kama umemtengeneza mtu mguu halafu umemtupa getini, hujamaliza.

Mwenzake, Michael Devas wa Hastings, alienda mbali zaidi. Alisisitiza kwamba mzee apasuliwe kwa namna ambayo atakanyaga kwa uzito wake wote mara moja. Kama upasuaji hauruhusu kukanyaga, basi ni upasuaji mbaya kwa mzee. Uingereza yenyewe ilichelewa kusikia. Mwaka 2007 ndipo walianzisha daftari la taifa la kila mzee aliyevunjika nyonga, na mwaka 2010 wakaanza kuilipa hospitali pesa za ziada kama mzee amepasuliwa ndani ya saa 36 na ameonwa na daktari wa wazee. Pesa zilipoingia, kila mtu akakumbuka Cosin. Binadamu ni binadamu.

Sasa rudi Gilgil.

Reli ilipita hapa karibu mwaka 1900, kabla haijafika Kisumu Desemba 1901. Baadaye mashamba yote haya yakawa ya walowezi. Babu zetu wengi walikuja hapa kama maskwota: unapewa kipande cha kulima na kuchunga, na wewe unampa mzungu jasho. Sheria ya mwaka 1918 ilisema wazi, ili ukae kwenye shamba lazima ufanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937 ikaongeza. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona ni sheria ya kazi tu. Baada ya shosho niliisoma tena nikaona kitu kingine. Kama kukaa kwako nyumbani kunategemea mikono na miguu yako, basi mzee akivunjika nyonga hajapoteza mguu peke yake. Amepoteza haki ya kuwa na nyumba, mpaka mwanawe au mjukuu asimame mahali pake. Familia zilijifunza hivyo hapa: mgonjwa wetu ni siri yetu, tumfiche, tumbebe, tusisumbue mwenye shamba. Shosho alizaliwa ndani ya mpango huo. Nikimuuliza mbona hakusema matako yanamuuma, anajibu, "Ningewasumbua." Wewe unaweza kusema ni tabia ya wazee. Mimi nadhani kuna sheria ya 1918 ndani ya hilo jibu.

Uhuru ulipokuja, mwaka 1965 serikali ikafanya matibabu ya wagonjwa wa kutwa kuwa bure kwenye hospitali zake. Mwaka uliofuata, 1966, ikaundwa NHIF. Sote tumeisema hiyo NHIF maisha yetu yote, lakini nani amewahi kusimama kwenye hiyo H? Hospitali. Ilikuwa hazina ya bima ya hospitali, na kwa miaka mingi sana ililipia kulazwa tu. Kitanda ndicho sheria ilijua. Ukiwa kitandani wewe ni mgonjwa, una namba, una faili. Ukivuka geti wewe ni mtu wa familia yako. Halafu mwaka 1989 tukaletewa kuchangia gharama, ikasimamishwa kidogo, ikarudi miaka ya mwanzo ya 1990, na kutoka hapo hesabu ya nyumbani ikabadilika: kila siku ya ziada wodini ni doh. Kwa hivyo hata familia yenyewe inaharakisha mgonjwa atoke. Msiniambie hamjawahi kuona watu wakisherehekea kuruhusiwa kwa mgonjwa ambaye hawezi hata kukaa. Sisi tulipiga selfie.

Na kuna wale waliozuiwa kutoka kwa sababu ya bili, ilifika hadi Mahakama Kuu ikasema mwaka 2015 kwamba kuwashikilia kina mama wawili waliojifungua ni kinyume cha katiba. Kwa hivyo nchi hii imebishana mahakamani kuhusu nani anaruhusiwa kutoka hospitalini. Jinsi ya kutoka, hiyo bado hatujaibishania.

Mtu atasema haya ni mambo ya maskini. Ngoja. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa Desemba 2002, hata mimi nimeona kwenye video tu. Mwai Kibaki, miaka 71, anapata ajali ya gari tarehe 3 akitoka kwenye kampeni. Anapelekwa London kutibiwa. Anarudi, anachaguliwa, na tarehe 30 anaapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Nchi nzima ikaona mzee aliyeumia akiinuliwa kwa heshima. Mwezi uliofuata, Januari 2003, akalazwa tena, Nairobi Hospital, kwa sababu damu ilikuwa imeganda mguuni. Na yeye hakuvunjika nyonga. Tena alikuwa na madaktari pande zote. Mguu wa mzee ukikaa bila kusogea, damu haijali wewe ni nani. Ndiyo maana kwenye ule mfuko wetu wa dawa kulikuwa na sindano ndogo za kuzuia damu kuganda, ambazo tulizimaliza siku ya nne, na tukadhani zikiisha ndiyo zimeisha. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi kwamba tununue zingine. Kwa Kiingereza. Kwa ule mwandiko.

Kwa nchi tajiri, pamoja na vifaa vyao vyote, kati ya wazee wanaovunjika nyonga, karibu mmoja kwa kila watano hadi mmoja kwa kila watatu huwa amefariki kabla mwaka haujaisha. Mama yake Malkia Elizabeth alivunjika nyonga mwaka 1998 akiwa na miaka 97, akapasuliwa, akatembea tena na fimbo zake, akaishi mpaka 101. Kwa hivyo si lazima iwe hukumu ya kifo. Ni swali la nani anakungoja ukitoka.

Kwetu anayengoja ni mwanamke. Nimeandika hii sentensi mara tatu nikijaribu kuilainisha, nimeshindwa. Mathe aliacha kibanda chake cha nguo sokoni wiki saba. Tata yangu alikuja kutoka Naivasha kila Jumapili kumwosha. Binamu yangu wa kike aliyekuwa anangoja kujiunga na chuo akaambiwa "si huna kazi", akahamia. Mimi na ndugu yangu wa kiume tulituma pesa, tukabeba mitungi ya maji, na tukatoa maoni. Hiyo kazi yote ya kugeuza mgonjwa kila saa mbili, kubadilisha nepi, kulisha, kukesha, hakuna mahali imeandikwa kwenye historia ya afya ya Kenya. Iko kwenye migongo ya watu. Shosho hupata ile 2,000 kwa mwezi ya Inua Jamii, iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa kila mwenye miaka 70 kwenda juu, na ni kitu, sikatai. Lakini ukinunua nepi za watu wazima utaelewa.

Zamani, tunaambiwa, boma lilikuwa limejaa watu. Ni kweli na si kweli. Boma lilikuwa limejaa wasichana. Sasa wasichana wameenda shule, wameenda Nairobi, wameenda Gulf kulea wazee wa watu wengine kwa mshahara, na hakuna anayepaswa kuwalaumu. Kumebaki wazee na ploti. Mfumo wa hospitali bado unamruhusu mgonjwa kana kwamba kuna mabinti sita nyumbani wanamngoja.

Aliyetuokoa alikuwa mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu. Hawa watu wa kujitolea wako kwenye sera tangu 2006, na Septemba 2023 wakazinduliwa upya kama CHP, zaidi ya laki moja nchi nzima, wakapewa mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari na marupurupu ya 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Alikuja kupima presha ya jirani. Mathe akamwita. Aliingia, akafunua blanketi, akanusa, akaniangalia mimi kwanza sijui kwa nini. Akauliza, "Huyu ameketi mara ya mwisho lini?"

Yeye hakujua mambo ya chuma. Lakini alijua kidonda, na alijua wa kumpigia. Siku mbili baadaye tukampeleka kwa fizio, kijana wa rika langu kidogo tu juu. Akasoma ile karatasi dakika moja, akacheka, halafu akaona nyuso zetu akaacha kucheka. Akasema, "Hapa wameandika akanyage kuanzia siku ya kwanza."

Siku ya kwanza! Ilikuwa imeandikwa.

(Kabla mtu hajaruka: si kila upasuaji ni hivyo. Kuna wenye misumari na bamba ambao daktari hutaka wasubiri kukanyaga. Uliza aliyekupasua, usiulize mimi.)

Sasa hii ndiyo imani yangu, na mnaweza kunipinga. Hatuhitaji kungoja Gilgil ijengewe hospitali ya mchana kama ya Cosin, ingawa ningependa. Marekani kuna daktari, Eric Coleman, ambaye mwaka 2006 alichapisha utafiti wa kitu cha bei rahisi sana. Mzee akitoka hospitalini, mtu mmoja aliyefundishwa anamtembelea nyumbani mara moja, kisha anampigia simu mara tatu, ndani ya mwezi mmoja. Anahakikisha mambo manne tu: dawa zinaeleweka, mgonjwa ana rekodi yake mwenyewe, tarehe ya kliniki iko na itafikiwa, na familia inajua dalili za hatari. Waliofanyiwa hivyo walirudishwa hospitalini mara chache kuliko wengine. Kutembelewa mara moja na simu tatu. Sisi tuko na watu laki moja wenye mkoba, na tuko na simu kila nyumba. Kinachokosekana ni hospitali kumwambia CHP wa mtaa kwamba, sikiza, huyu shosho anakuja kwenu Ijumaa. Hakuna aliyemwambia. Alijua kwa kupita.

Oktoba 2024 NHIF ilienda, ikaja SHA, na ile H ya hospitali ikatoka kwenye jina. Nimeifikiria sana hiyo herufi. Sheria mpya ya 2023 ina hazina tatu, moja ni ya afya ya msingi, ile ya mashinani. Kama ni kweli tumetoka kwenye kitanda, basi malipo ya upasuaji wa nyonga yasifungwe mpaka mtu aonyeshe ni nani aliyempokea mgonjwa nyumbani. Uingereza walipoweka pesa kwenye hiyo sehemu, mambo yalisonga. Sisi hatuna tofauti.

Mpaka hapo, ukiwa na shosho ama guka wodini, usitoke na ile karatasi kabla hujasomewa kwa lugha ya nyumbani. Uliza anaruhusiwa kukanyaga lini na kwa uzito gani. Uliza sindano za damu ni za siku ngapi, na choo atatumiaje, na nyuzi zitatolewa wapi, maana si lazima urudi mbali kwa nyuzi. Omba afundishwe kuinuka kitandani mbele yako, na wewe ufundishwe kumwinua bila kumvuta kwa makwapa. Chukua namba ya simu ya wodi. Watakuona msumbufu. Sawa tu.

Sisi fundi wa hapa stendi ya Gilgil alituchomea fremu ya kutembelea kwa vyuma vya mraba, akaweka raba za tairi chini. Ni nzito kidogo. Kwa choo alitengeneza kiti kirefu chenye shimo, tukakiweka juu ya lile tundu, na kaka yangu akafunga ubao wa kushikilia ukutani. Kile kistuli cha jikoni tulikificha. Kidonda kilichukua miezi minne kufunga.

Kutoka mlangoni mpaka chooni ni hatua 31 za shosho. Mwezi wa kwanza alikuwa anasimama mara tatu njiani, sasa hasimami. Jana nilimkuta amefika getini, ameegemea ile fremu, anamuuliza mtu wa nduthi mbona bei ya kwenda mjini imepanda. Nikamwambia, "Shosho, rudi ndani, kuna baridi."

Akaniangalia. "Wewe tena?" akasema, na akaendelea na mtu wa nduthi.